Mzazi, usiutupe mchoro wa mwanao

Msomaji mpenzi, kabla hujaufungua ukurasa wa pili kutafuta habari za shinikizo la damu na kisukari, nakuomba uvute kiti uketi kidogo. Leo sizungumzii moyo wala figo. Nazungumzia kitu ambacho huenda kiko chini ya meza yako hivi sasa, kimekunjwakunjwa, na ambacho kesho asubuhi kitafagiwa pamoja na maganda ya viazi. Nazungumzia karatasi aliyochorea mtoto wako.

Utaniuliza: karatasi ya mtoto na ukurasa wa afya, wapi na wapi? Swali hilo hata mimi niliwahi kuliuliza, tena kwa ukali. Jibu lake nililipata nyumbani kwangu, na lilinigharimu.

Mwaka 2019 dada yangu mkubwa alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, akaacha mvulana wa miaka minane. Baba ya mtoto hakujulikana aliko, kwa hivyo sisi upande wa mama tulikaa tukakubaliana kwamba aje kuishi nami hapa Nairobi, pamoja na mama yangu ambaye ni nyanya yake. Tulimpa kitanda, tukamnunulia sare na viatu, tukamtafutia shule. Tulidhani tumemaliza kazi.

Matangani hakulia. Watu walimpiga mgongoni wakimsifu kwamba huyu ni mwanamume. Mwezi mmoja baadaye ndipo tulipogundua kwamba mtoto alikuwa amenyamaza. Ukimuuliza jambo anakujibu kwa kichwa. Chakula anakisukuma pembeni ya sahani. Usiku akaanza kukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha tangu akiwa na miaka minne.

Kitu kimoja tu alikifanya kwa bidii, nacho ni kuchora. Alichora nyuma ya daftari la hesabu, pembezoni mwa gazeti, hata juu ya risiti za duka. Na picha ilikuwa ile ile kila siku: matatu yenye madirisha mengi, kila dirisha likiwa na uso wa mtu, isipokuwa dirisha moja lililoachwa jeupe.

Siku moja barua ikaja kutoka shuleni kwamba mtoto anaharibu madaftari. Nilikuwa nimerudi kutoka kazini nimechoka, nauli imepanda, mvua imeninyeshea. Nililichukua lile daftari nikazichana kurasa zote zenye picha mbele ya macho yake, nikamwambia kwamba penseli nimeinunua ya hesabu, si ya upuuzi. Hakulia wala hakusema neno. Alienda kulala. Kuanzia siku hiyo hata kuchora akaacha.

Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne. Aliniangalia akaniambia: "Baba, huyu mtoto alikuwa na mlango mmoja tu. Wewe umeufunga."

Kisha akafanya jambo ambalo mimi mwenye vyeti sikulifikiria. Alizitoa zile karatasi kutoka kwenye pipa la taka, akazinyoosha kwa kiganja, akakoroga unga wa ngano na maji kuwa gundi, akazibandika kipande kwa kipande juu ya ubao wa katoni. Akautundika ukutani sebuleni, kando ya picha ya arusi ya dada yangu. Hakumhubiria mtoto. Alimwekea penseli na karatasi mezani, akaketi karibu naye akichagua maharagwe. Siku tatu zikapita bure. Ya nne mtoto akaishika penseli.

Baada ya siku kadhaa za kukaa hivyo, nyanya akamuuliza kwa upole: "Na hapa kwenye dirisha, mbona hakuna mtu?" Mtoto akajibu: "Hapo ndipo mama alikaa tukimpeleka hospitali." Hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza iliyokamilika katika muda wa miezi miwili.

Sikuambii kwamba karatasi ilimponya. Tulimpeleka kwa daktari, akapimwa mkojo na damu, kwa sababu mtoto anayeanza upya kukojoa kitandani huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo au hata kisukari, na si huzuni peke yake. Alipoonekana mzima tukaelekezwa kwa mshauri nasaha, akaenda huko kwa miezi kadhaa. Jambo la kwanza ambalo yule mshauri alituomba ni tumletee michoro yake. Ile niliyokuwa nimeichana ndiyo aliyoitazama kwa muda mrefu zaidi.

Kazi ya mwili na ya akili

Wengi wetu huamini kwamba mtoto anapochora anapoteza wakati. Ukweli ni kwamba anafanya kazi nzito. Misuli midogo ya vidole inajifunza kutii jicho, na jicho linajifunza kupima umbali na ukubwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi huishika kalamu kwa ngumi na kukwaruza. Akifikia takriban miaka mitatu huweza kuiga duara; akikaribia minne huiga msalaba; na kufikia mitano wengi huiga mraba, kisha pembetatu. Mtu wake wa kwanza huwa ni kichwa chenye miguu, bila tumbo wala shingo. Usimcheke. Ni hatua ambayo watoto wengi duniani huipitia, awe wa Kangemi au wa London.

Ndiyo maana wahudumu wa kliniki za watoto wakitaka kujua kama mtoto anakua sawasawa, pamoja na kumpima uzani na urefu, humpa pia kalamu na kumwomba aige umbo fulani. Bila shaka watoto hutofautiana, na kuchelewa kidogo si ugonjwa. Hata hivyo, mtoto asiyepewa kalamu kabisa hadi siku ya kwanza ya shule huanza safari akiwa nyuma ya wenzake, na kosa si lake.

Isitoshe, kuna faida ya moyoni. Mtoto mdogo hana msamiati wa huzuni. Hajui kusema kwamba ameshuka moyo au kwamba anaogopa nawe utakufa. Lakini anaweza kuchora. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa ripoti iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, nayo ikaonyesha kwamba sanaa ina nafasi yake katika kuzuia maradhi, kukuza afya na kuwasaidia wagonjwa, wakiwemo wenye matatizo ya akili. Hilo si jambo la kupuuzwa katika nchi ambayo wazazi wengi bado huona haya kumpeleka mtoto kwa mshauri.

Hapa lazima nitoe onyo. Usigeuke mganga wa kupiga ramli ukitumia picha za mtoto. Mtoto aliyepaka nyumba rangi nyeusi huenda ana kalamu nyeusi tu. Aliyemchora baba mdogo kuliko kuku huenda aliishiwa na nafasi. Mchoro mmoja hauthibitishi ugonjwa wala dhuluma. Lakini picha ile ile ya kutisha ikirudiwa wiki baada ya wiki, na pamoja nayo mtoto akawa halali vizuri, hali chakula, hachezi, au anamwogopa mtu fulani nyumbani, hiyo ni sababu ya kutafuta msaada.

Kumtia moyo kuna namna yake

Sasa umekubali, na umeazimia kwamba kuanzia leo utamsifu mwanao. Ngoja kwanza. Hata sifa ina kipimo chake, kama dawa.

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, waliwachunguza watoto wa shule ya chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri iwapo wangechora. Wengine walipewa cheti bila kuahidiwa mapema, na wengine hawakupewa chochote. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena mezani, kila mtoto akiwa huru kufanya apendalo. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Kilichokuwa mchezo kilikuwa kimegeuka kibarua, na kibarua bila malipo nani anakitaka?

Basi shangazi na mjomba, acheni mtindo wa kusema: "Nichoree ng'ombe nikupe shilingi 20." Mnadhani mnamjenga, kumbe mnamfundisha kwamba kuchora peke yake hakuna thamani.

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha jambo jingine. Watoto wa darasa la tano waliosifiwa kwamba wana akili nyingi walivunjika moyo upesi walipokutana na maswali magumu. Waliosifiwa kwa bidii yao waliendelea kupambana. Utafiti huo haukuhusu picha, lakini funzo lake linafaa hata mezani kwako. Mtoto anayeambiwa kila jioni kwamba yeye ni bingwa wa kuchora ataogopa kujaribu kuchora kitu asichokiweza, asije akaupoteza ubingwa.

Basi useme nini? Sema ulichokiona. "Naona umechora magurudumu sita." "Umeipata vipi rangi hii ya mawingu?" "Hebu nieleze hapa kuna nini." Usiulize "Hii ni nini?" kwa sauti ya mtu aliyeona takataka, wala usidai kwamba umelitambua jambo ambalo hukulitambua. Mtoto hujua unapomdanganya. Na usiichukue penseli yake ukamsahihishia pua ya ng'ombe. Ukifanya hivyo, ng'ombe amekuwa wako, na mtoto amejifunza kwamba wake hakufaa.

Zaidi ya maneno, mpe mahali. Msumari mmoja ukutani na kibanio cha nguo vinatosha. Andika tarehe nyuma ya karatasi na uiweke kwenye bahasha. Karatasi si lazima iwe ya bei ghali: upande wa pili wa karatasi za ofisini, ubao wa katoni, kalenda ya mwaka uliopita. Mtoto wa kijijini huchora ardhini kwa kijiti, na huo nao ni mchoro.

Jambo jingine la afya: usimpe mtoto rangi ya nyumba iliyobaki kwenye mkebe. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za zamani, zina madini ya risasi, na watoto hutia vidole mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Nunua kalamu za rangi zilizotengenezewa watoto, au mpe makaa na udongo.

Kazi ya ukoo mzima

Utanisamehe nikisema kwamba mara nyingi mzazi si mtu bora wa kazi hii. Mzazi ana karo kichwani na kodi ya nyumba. Nyanya, babu, shangazi, mjomba na binamu mkubwa ndio wenye nafasi ya kuketi bila haraka. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga.

Mfano mzuri uko kwa majirani zetu. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia rangi za kawaida za dukani juu ya mbao nyembamba. Hakuwa amepitia chuo chochote cha sanaa. Wanafunzi wake wa mwanzo wengi walikuwa ndugu na jamaa zake mwenyewe, waliojifunza wakiwa wameketi kando yake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi, miaka minne tu tangu aanze. Kama angeifungia kazi yake kabatini ingekufa naye. Kwa sababu aliwafundisha jamaa, leo hakuna mtalii anayepita Dar es Salaam au Zanzibar bila kuona picha za tingatinga. Jamaa wanaoketi pamoja hufanya mambo makubwa, ingawa siku ile wanadhani wanapitisha jioni tu.

Na picha hazijazi sufuria?

Najua kuna msomaji anayesema moyoni mwake: haya ni maneno mazuri, lakini sanaa haijazi sufuria. Swali hilo ni la haki na silikwepi.

Ni kweli kwamba wachoraji wengi humu nchini hupata riziki yao kwa taabu. Ni kweli pia kwamba wapo waliofika mbali. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 2019 aliwekewa sanamu zake mbele ya jumba maarufu la makumbusho la Metropolitan kule New York. Michael Armitage, naye mzaliwa wa Nairobi, michoro yake huonyeshwa katika majumba makubwa ya Ulaya. Lakini sitaki umtie moyo mwanao kwa tamaa hiyo. Kati ya watoto wanaocheza mpira uwanjani jioni hii, wangapi watachezea timu ya taifa? Hata hivyo, huwakatazi kukimbia, kwa sababu unajua kukimbia kunawajenga. Kuchora nako ni vivyo hivyo.

Mzazi anayegeuza kipaji kuwa mradi wa familia humdhuru mtoto sawa na anayekichana. Nimeona mtoto akiamriwa kuchora mbele ya wageni kila Jumapili kama kasuku anayeimbishwa, hadi akaichukia kalamu.

Wengine watasema kwamba kazi hii ni ya shule. Sisi wa 8-4-4, mtaala ulioanza mwaka 1985, tunakumbuka somo la sanaa na ufundi, tukisuka vikapu na kuchora vyungu. Baadaye somo hilo likaondolewa katika mtihani wa KCPE, na mara likakosa heshima. Kipindi chake kikawa cha kumalizia hesabu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeirejesha sanaa darasani, na hata katika shule za upili umeitengea mkondo wake pamoja na michezo. Nasi wazazi tulifanya nini? Tulilalamika kuhusu bei ya karatasi za manila. Malalamiko hayo yana msingi, maana mifuko imetoboka. Lakini mara nyingi tuliyatoa mbele ya watoto, nao wakaelewa kwamba kazi ya mikono yao ni mzigo kwa familia.

Kenya iliidhinisha Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 31 cha mkataba huo kinampa mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika sanaa. Tumezoea kudhani kwamba haki za watoto huvunjwa na watu wabaya mitaani. Mimi niliivunja sebuleni kwangu, nikiwa na nia njema na tai shingoni.

La kufanya leo

Msomaji, sikuombi pesa nyingi. Nakuomba dakika kumi jioni, televisheni ikiwa imezimwa na simu ikiwa mbali. Weka karatasi mezani, keti karibu, nyamaza. Akikuonyesha alichochora, mwambie ulichokiona, umwache akueleze. Karatasi ihifadhi.

Kama kuna mtoto kwako aliyefiwa, aliyehamishwa, au ambaye wazazi wake wametengana, fanya hivyo maradufu. Usimsifu kwa kutolia. Na ukiona dalili nilizotaja, kama vile kunyamaza kwa wiki nyingi, kukojoa kitandani upya, kukataa chakula au kumwogopa mtu, mpeleke hospitalini, au piga simu bila malipo kwa nambari 116 inayoshughulikia watoto nchini. Mchoro ni mlango. Mtoto akishaufungua, anahitaji mtu mzima aliye tayari kuingia, na wakati mwingine mtu huyo anapaswa kuwa na ujuzi.

Yule mpwa wangu sasa ni kijana mwenye sauti nzito anayebishana nami kuhusu mpira. Huchora mara mojamoja, akipenda. Hesabu anazifanya kama wenzake, hazijampita wala hajaziongoza. Ule ubao wa katoni ungali ukutani, na alama za mahali nilipochana zinaonekana wazi kwa kila mgeni. Niliwahi kumwomba radhi, nikamuuliza kama angependa tuuondoe. Akasema tuuache, kwa sababu nyanya ndiye aliyeubandika.

Basi ukimaliza kusoma, inama uangalie chini ya meza.